Karatasi Nyekundu za Ubao wa Dunia

Jumatatu, 4 Mei

Kosa la walimu wengi ni kudhani kwamba mtoto akishatoa maoni juu ya habari, basi ameisoma. Hajaisoma. Amefungua mdomo tu, na mdomo hata kasuku anao.

Mkuu wa shule ameniagiza nimwachie atakayerithi darasa langu "maelezo ya makabidhiano, ukurasa mmoja". Miaka thelathini na nne ya kufundisha watoto kusoma, ukurasa mmoja. Nitaandika nionavyo mimi, siku kwa siku, mpaka mwezi ujao nitakapostaafu. Atakayechoka njiani ajue ndiye hasa niliyemkusudia.

Mrithi ninamjua tayari. Ni kijana aliyerudi kutoka semina ya wiki mbili na vyeti viwili, ndiyo maana chumba cha walimu kinamwita Mtaalamu. Anadhani ni sifa.

Kidato cha Tatu tunagawana. Mimi nina kitabu cha hadithi, yeye ana kipindi cha Jumatatu kiitwacho "masuala ya jamii". Jambo lenyewe si baya. Mimi nilikuwa napeleka magazeti darasani kabla yeye hajaota meno. Lakini yeye ana Ubao wa Dunia. Kila Jumatatu habari moja hubandikwa katikati ya ubao, na katika dakika tano za mwanzo kila mwanafunzi hubandika karatasi ya rangi yenye neno lake kuizunguka: kijani anaunga mkono, nyekundu analaani. Kusoma kwenyewe ni kazi ya nyumbani. Yaani mtoto anahukumu shuleni, halafu anakwenda kusikiliza kesi nyumbani, kama hakuna michezo kwenye televisheni.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Bati lilinguruma kutwa, nikafundisha kwa chaki na kidole.

Alhamisi, 7 Mei

Mtaalamu alinikuta nasahihisha.

"Shikamoo, mama. Bado unawasomesha sura nzima nzima?"

"Marahaba. Ndiyo, mwandishi alikosa adabu akaiandika nzima."

"Hawa ni watoto wa simu. Ukiwapa ukurasa mzima unawapoteza."

"Ukiwapa kilichokwisha tafunwa, meno yao yatafanya kazi gani?"

"Hiyo ni methali?"

"Hapana. Ni swali."

Akacheka, maana ni mtu wa kucheka. "Njoo Jumatatu uone wanavyoshiriki. Hakuna anayelala."

"Sokoni pia hakuna anayelala," nikamwambia. Lakini nimekubali kwenda.

Jumatatu, 11 Mei

Nimekwenda. Nilikaa nyuma.

Alianza kwa kuwasha projekta, ukutani ikatokea video ya sekunde arobaini na moja ambayo nchi nzima imeshaiona. Mwanamke mjamzito amelala kwenye benchi la kituo cha afya, anaita, "Dada, dada." Hatua nne kutoka hapo muuguzi amekaa mezani anatafuna mkate. Anageuka, anasema, "Nyamaza kwanza," anaendelea kutafuna. Mwisho. Katikati ya ubao kipande cha gazeti kilikuwa ndani ya fremu, na kichwa chake kilisema: MUUGUZI ALA, MGONJWA ALIA.

"Haya, rangi zenu," akasema Mtaalamu. "Dakika tano."

Kuna mvulana wanayemwita Spika kwa sababu hakuna mjadala anaoruhusu ufe. Aliinuka wa kwanza. "Mwalimu, kama kuna nyekundu kuliko hii nipe." Darasa likacheka, wakamiminika. Walikuwa thelathini na tisa, hakukosekana mtu, na nyekundu zilipohesabiwa zikawa thelathini na tisa. Kijani haikuguswa. Mtaalamu alinitazama kwa furaha, kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

Baada ya hapo ulifuata mjadala, yaani watoto kupokezana kusema jambo moja kwa sauti inayozidi kupanda. Katikati yake binti mmoja aliomba ruhusa kwenda bombani. Huyu wenzake wanamwita Karani, kwa kuwa maandishi yake ni safi na nusu ya darasa hunakili kwake. Alitoka na begi lake. Mtu haendi bombani na begi. Nililiona hilo na sikulisoma.

Kuhusu muuguzi mwenyewe, sikuwa na la kumtetea. Video hiyo mdogo wangu alikuwa amenitumia tangu Jumamosi, nami nikaipeleka kwenye kundi la walimu wenzangu wa zamani na maneno matatu: "Utu umekwisha kabisa."

Jumanne, 12 Mei

Karani hayupo.

Alhamisi, 14 Mei

Hayupo. Mvua. Sura ya nne ya kitabu; watoto wanapiga miayo kwa zamu, kwa mpangilio mzuri kuliko mwandiko wao.

Jumatatu, 18 Mei

Hayupo, siku ya tano ya masomo. Kwa sheria ya shule yetu, mwanafunzi akikosa siku kumi na nne mfululizo bila cheti cha daktari, jina lake linafutwa, na aliyefutwa Kidato cha Tatu hasajiliwi kwa mtihani wa mwisho. Nimehesabu: siku ya kumi na nne ni Ijumaa tarehe 29.

Mfagizi wa shule alinikuta dirishani. "Mwalimu, unamngoja yule mtoto? Haji."

"Anaumwa?"

"Anaumwa nini? Si mama yake ndiye yule wa mkate."

"Mama wa mkate yupi?"

Alisimamisha ufagio akanitazama, akinihurumia kidogo. "Wa kwenye simu, mwalimu. Si nyie mmembandika ukutani?"

Jumatano, 20 Mei

Nimekwenda kwao. Ni chumba kimoja chenye vitanda viwili, dirisha limefungwa mchana kweupe, na kamba imetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya nguo zisizokauka. Sare nyeupe ya kazi imekunjwa na kuwekwa juu ya kabati, mahali ambapo mtu huweka kitu asichokitarajia kesho.

"Karibu, mwalimu. Kaa," alisema muuguzi. "Waliokuja kunitazama ni wengi, kiti kimezoea."

Karani alikuwa kitandani ametupa mgongo, anaandika. Hakugeuka.

Nilisema nimekuja kwa ajili ya mtoto. Muuguzi akasema mtoto yupo, anaonekana, ana afya. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema:

"Nilikuwa natafuna mkate. Hapo simu haikusema uongo. Niliingia saa kumi na mbili asubuhi, na picha ile imepigwa saa mbili usiku. Aliyetakiwa kunipokea zamu hakuja. Yule dada nilimpima robo saa kabla, bado alikuwa mbali. Nilimwambia apumue. Nilimwambia anyamaze pia, na sikulisema kwa sauti nzuri. Na hilo uliweke, usije ukanifanya malaika, maana malaika nao watachunguzwa."

"Na mtoto wake?"

"Wa kike. Kilo tatu na robo. Nimemzalisha mimi, kwa mikono hii yenye makombo. Hapo mpiga picha alikuwa ameshakwenda zake."

Amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae. Kamati haijasema itakaa lini.

Nikaona si haki kukalia kiti chake nikiwa na siri. "Mimi pia niliituma," nikasema.

"Kwa wangapi?"

"Kundi la watu sitini."

"Una nafuu. Muuza duka wangu, anayenikopesha sabuni, alituma kwa mia tatu." Alitabasamu kwa mdomo peke yake. "Na wewe ndiye unayewafundisha kusoma?"

Nimewauliza watoto maswali ya namna hiyo kwa miaka thelathini na nne na kuita ukimya wao uvivu.

Alipokuwa ananisindikiza alitoa sharti lake. "Zile karatasi zitoke. Na zisitolewe na mfagizi. Kila aliyebandika abandue yake kwa mkono wake. Ukuta ukibaki mtupu, mwanangu atarudi. Vinginevyo atakaa hapa anisaidie kuanika."

Karani aliacha kuandika aliposikia hivyo. Mgongo wake ulikauka kama ubao. Nilidhani ni aibu tu.

Alhamisi, 21 Mei

Kwa Mkuu wa shule.

"Wakaguzi wanakuja tarehe mosi, mwalimu. Ubao ule tumeshauandika kwenye ripoti."

"Mtoto anafutwa tarehe ishirini na tisa."

"Basi aje."

"Aje akae chini ya maneno ya kumtukana mama yake?"

"Hayana jina la mtu." Akashusha sauti, kama anayenifanyia hisani. "Tukiyabandua, tutawaonyesha nini?"

"Watoto wanaosoma."

"Hiyo haionekani, mwalimu."

Nimefanya kazi chini ya wakuu tisa. Huyu si mbaya kuwazidi wengine. Anasema tu kwa sauti yale ambayo wenzake waliyafikiria kimoyomoyo.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemweleza Mtaalamu. Alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo. Kwa dakika moja nilimpenda. Kisha akainuka.

"Tutaligeuza, mama. Jumatatu tunamweka kama shujaa. Kijani, ubao mzima."

"Umesoma nini kumhusu?"

"Si wewe umenieleza sasa hivi?"

Jamani. Juzi alimhukumu kwa sekunde arobaini na moja, leo anataka kumtawaza kwa dakika mbili za maneno ya bibi mzee. Nimemweleza polepole, kama unavyomweleza mtu njia: aliyelaaniwa bila kusomwa hasafishwi kwa kusifiwa bila kusomwa. Rangi imebadilika, ujinga ni uleule. Ameniambia mimi ni mgumu kuridhika. Kweli.

Jumatatu, 25 Mei

Siku ya kumi. Umeme umekatika, kwa hiyo "masuala ya jamii" yameahirishwa. Inaelekea jamii haina masuala bila projekta.

Nilikwenda maktaba, ambako magazeti ya zamani hufungwa kamba na kusahauliwa, nikalitafuta lile lenye muuguzi. Nikalipata. Nikalipeleka darasani nikalipima na kile kipande cha kwenye fremu. Kipande kinaishia aya ya tatu. Gazeti lina aya ya nne, mistari minane.

Nilimwita Mtaalamu. "Uliikata wewe?"

"Haikuenea kwenye fremu, mama."

Nikampa. Aliisoma amesimama, akarudi juu akaisoma tena. Ni mara ya kwanza namwona akisoma kitu mara mbili. Hakutoa maoni. Aliuliza tu kama anaweza kukaa nyuma kwenye kipindi changu Jumatano.

Jumatano, 27 Mei

Siku ya kumi na mbili. Naandika kwa urefu, mrithi wangu, kwa sababu hiki ndicho kipindi ulichokishuhudia na nataka ujue kilijengwaje.

Hatukuwa na projekta. Video ilizunguka kwenye simu yako, kundi kwa kundi. Niliwaambia waandike walichokiona na walichokisikia, basi.

Spika aliandika: "Muuguzi hajali."

"Kutojali kuna rangi gani?" nikamwuliza.

"Hakuna rangi, mwalimu."

"Basi hukukuona. Andika ulichoona."

"Anatafuna."

"Vizuri. Anayepiga picha ni nani?"

Wakatazamana. "Hajulikani."

"Amesimama wapi?"

"Mlangoni," wakasema watatu, kisha mmoja akaongeza, "Na yeye hamsaidii." Kukawa na minong'ono; mashtaka yalikuwa yanatafuta mtu mwingine wa kumwangukia. Nikawazuia.

"Kabla ya sekunde ya kwanza kulikuwa na nini?"

"Hiyo haipo, mwalimu," akasema Spika.

"Ipo. Haikupigwa picha tu."

Hapo binti mmoja wa dawati la mbele, ambaye hazungumzi ila akikanyagwa, akasema, "Ni kama yule wa kivuko."

Nimengoja sentensi hiyo tangu muhula uanze. Katika kitabu chetu, mlinzi wa kivuko cha reli anashtakiwa na mji mzima kwamba alilala, na mpaka sura ya sita ndipo msomaji anapojua kuwa kengele yake iling'olewa na wenye reli mwezi mzima kabla. Watoto walikuwa wamemaliza sura ya sita Ijumaa iliyopita, kwa miayo, lakini ilikuwa imewaingia. Na hii ndiyo sababu ya kuleta habari za leo kwenye kipindi cha kusoma, Mtaalamu. Hatuzileti ili watoto wachangamke. Kitabu kinamfunza mtoto kungoja sura ya sita, na habari inamfunza kwamba sura ya sita haimo vitabuni tu. Ukiwapa kimoja bila kingine umewapa koleo la makaa lenye mkono mmoja.

Ndipo nikatoa gazeti zima, nikampa Spika asome kwa sauti. Alisoma aya tatu kwa mbwembwe. Ya nne aliianza kwa mbwembwe pia: kwamba jioni ile muuguzi huyo alikuwa peke yake kwa wodi mbili, kwamba wa kumpokea zamu hakufika, kwamba mama yule alijifungua salama saa tatu na nusu, akihudumiwa na muuguzi huyohuyo, na kwamba mama huyo alipoulizwa alisema hana malalamiko "ila la kuambiwa ninyamaze". Alipofika hapo sauti yake ilikuwa imeshuka ikawa ya mtoto wa miaka kumi na sita, ambayo ndiyo miaka yake.

"Mwalimu, hii ilikuwepo siku zote?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hatukuisoma?"

Kutoka nyuma wewe ukasema, "Niliikata mimi."

Nakiri sikulitegemea. Nimeandika mengi juu yako humu na siyafuti, lakini na hili limo.

Niliwaambia sharti la muuguzi. Sikulazimika kusema ni mama wa nani; kumbe wote walishajua tangu wiki ya kwanza, na kila mmoja alikuwa akingoja mwingine aone haya kwanza. Spika ndiye aliyeanza. Karatasi yake ilisema AFUKUZWE, kwa herufi kubwa. "Ni yangu," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa na shaka. Nilimwambia aandike nyuma yake mstari mmoja wa aya ya nne, kisha aitunze. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Ilichukua muda mrefu, mvua ikinyesha.

Ikabaki moja, pembeni chini. Haikuwa na neno.

"Hii ya nani?" akauliza Spika. Kila mtu alionyesha ya kwake mkononi. Zilikuwa thelathini na nane.

"Ya mtu ambaye hayupo leo," nikasema.

Iliwachukua kitambo kuelewa. Yule binti wa mbele alilaza kichwa juu ya dawati. Spika alinyoosha mkono aibandue, nikamkataza. Sharti ni sharti.

Alhamisi, 28 Mei

Siku ya kumi na tatu. Nimempa mfagizi barua iliyofungwa, amkabidhi Karani mkononi: "Imebaki moja. Haina neno. Mwenyewe anaijua. Mama yako sijamwambia na sitamwambia. Kesho ni siku ya mwisho."

Mkuu wa shule alipita akauona ubao. Ameniahidi barua ya onyo. Nimemwomba aandike vizuri, nitaisahihisha.

Ijumaa, 29 Mei

Alikuja kabla ya kengele, viatu vimejaa maji. Nilikuwa mezani, niliendelea kusahihisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alikwenda ubaoni. Hakubandua mara moja.

"Ningebandika kijani wangejua," alisema akitazama ukuta. "Nisingebandika wangejua. Nikasema nibandike bila kuandika."

"Naona."

"Mama yuko getini. Anadhani zilikuwa zao tu."

"Mwambie au usimwambie. Hiyo ni habari yako, wewe ndiye unayejua pa kuikata."

Akaibandua, akatoka nayo mkononi. Niliinuka nikaenda dirishani, na simwombi mtu radhi. Mvua ilikuwa nyembamba. Sikusikia neno hata moja. Nilimwona muuguzi akipokea karatasi, akaisoma upande mmoja, akaigeuza akasoma wa pili, ingawa pande zote mbili hazikuwa na kitu. Kisha akaikunja akaitia ndani ya nguo yake, akamwekea mwanawe mkanda wa begi vizuri begani, na akamsukuma kidogo kuelekea darasani.

Kwenye daftari la mahudhurio nimeandika: yupo.

Jumatatu, 1 Juni

Wakaguzi wawili, dakika kumi na moja. Mmoja alimwuliza Spika maoni yake kuhusu habari iliyokuwa gazetini leo asubuhi. Spika akasema, "Bado sijaisoma." Wameandika: "Mwanafunzi hana ujasiri wa kujieleza." Wameandika tena: "Ubao hauna kazi za wanafunzi. Uboreshwe." Ningewapa daraja la chini kuliko yote, ila halitoshi.

Karani amekaa mahali pake. Hasemi na Spika. Spika naye, kwa mara ya kwanza, hasemi.

Jumatano, 3 Juni

Kamati ya muuguzi haijakaa. Nimetuma gazeti zima kwenye kundi la wenzangu sitini, nikaandika kwamba mimi ndiye niliyekosea. Watatu wamelifungua. Mmoja amenijibu kwa picha ya ua.

Alhamisi, 4 Juni

Siku yangu ya mwisho. Mtaalamu, daftari hili ni lako. Mkuu alitaka ukurasa mmoja, kwa hiyo yeye usimpe.

Yule mtoto tulikaa naye miaka mitatu, mimi na wenzangu wote, na aliyekuwa akijua mama yake anakwenda kazi gani kila asubuhi ni mfagizi. Habari tunazoziita za jamii zinatoka kwenye nyumba za watu, na wenye nyumba hizo wamekaa kwenye madawati yetu. Mimi sikuliona hilo kwa miaka thelathini na nne, kwa hiyo sikudharau wewe kwa kulikosa kwa mwaka mmoja. Nitakudharau ukilikosa wa pili.

Leo, kabla hujachagua habari ya Jumatatu, chukua daftari la mahudhurio, mwite kila mtoto peke yake, na uandike kando ya jina lake kazi ya mtu anayemlea.